Wingu Halina Leseni

Kati ya mwaka 1977 na 1980 ndege ziliruka juu ya karibu Tanzania nzima zikipima usumaku na mionzi ya miamba. Zilipita chini, zikienda na kurudi katika mistari iliyoachana takriban kilomita moja, kama maksai wanaogeuka mwisho wa shamba na kuanza mtaro mwingine. Mawingu kwa marubani yalikuwa kero. Kilichotafutwa kilikuwa chini ya udongo: mikanda ya miamba ya kijani ya kale inayopita Geita, Msalala, Kahama na Nzega, ambamo dhahabu hupenda kujificha. Ramani za safari zile zilitumika miongo mingi baadaye na kila aliyekuja huku na nyundo ya kijiolojia.

Tunajua kilichofuata. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Buzwagi, ambao uko kando ya barabara ukitoka Kahama kuja kwetu Kagongwa, ulianza 2009 ukafungwa 2021, ukatuachia shimo kubwa na hadithi. Na ndege hazijamaliza kazi. Wizara ya Madini chini ya Anthony Mavunde imejiwekea shabaha kwamba sehemu ya nchi iliyopimwa kwa ndege kwa kiwango cha juu ipande kutoka asilimia 16 hadi 50 ifikapo mwaka 2030. Kwa hiyo zitarudi, zikiwa na vifaa vikali zaidi na mistari iliyobanana zaidi.

Sina ugomvi na dhahabu. Nusu ya maduka ya Kagongwa yasingekuwapo bila fedha ya machimbo kuzunguka ikakutana na mpunga wetu, na mimi mwenyewe nakula mchele huo. Ninalolifikiria ni jambo la pembeni kidogo. Anga la huku limepitiwa na ndege za utafiti kwa karibu nusu karne, na muda wote huo anga lenyewe limetumika kama njia tu. Macho yote yalitazama chini. Wingu lililokuwa juu ya bawa halikumhusu mtu.

Usiku wa Jumanne, tarehe 3 Machi 2015, wingu likatuhusu. Mvua ya mawe na upepo mkali ilishuka Mwakata, kijiji cha wilaya ya Kahama, jirani zetu. Watu zaidi ya 40 walikufa, na wengine wengi wakaumia. Wengi wa waliokufa walifia ndani. Nyumba za tope zililowa, kuta zikalainika, upepo ukasukuma, na udongo ukalala juu ya watu waliokuwa wamelala. Mifugo ilikufa. Mazao mashambani yakapondwa wakati ambao mkulima alikuwa ameshamaliza palizi na kuanza kuhesabu magunia kichwani. Rais Jakaya Kikwete alikuja mwezi huohuo kutoa pole.

Mtu wa Pwani akisikia kwamba barafu iliua watu Shinyanga, hudhani habari imetiwa chumvi. Ana sababu. Kagongwa iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika nchi za joto hewa hufikia nyuzi sifuri kwenye kimo cha mita 4,800 au 5,000 hivi. Jiwe la barafu linalotoka huko lina kilomita tatu na nusu za kuyeyuka kabla ya kutufikia. Likiwa linaelekea Dar es Salaam lina karibu tano, na njiani linapita kwenye hewa yenye joto zaidi. Ndiyo maana mzaliwa wa Temeke anaweza kuzeeka bila kuiona mvua ya mawe, ilhali mtoto wa huku huikimbilia uani, akaiokota na kuitia mdomoni, mpaka siku inapokuja ile isiyookotwa.

Jiwe lenyewe linatengenezwa kwa namna ambayo ningependa ifundishwe shuleni pamoja na madini. Ardhi ikishapata jua la kutosha, hewa ya joto yenye unyevu hupanda. Tone la maji linabebwa mpaka linavuka mstari wa kuganda, na ajabu yake ni kwamba haligandi. Linabaki maji, baridi kuliko kiwango cha kuganda, likingoja kitu cha kuligusa. Likigusana na punje ya barafu hugandia papo hapo, na punje ikanenepa tabaka juu ya tabaka. Ukilipasua jiwe kubwa utaziona, nyeupe kwa ang'avu. Anayeamua ukubwa wa jiwe ni mkondo wa hewa unaopanda. Maadamu unaweza kulishikilia, linaendelea kukua. Siku likiushinda nguvu, linaanguka, nalo halichagui bati wala tope.

Ili ujue kama alasiri fulani itazaa wingu la aina hiyo unahitaji kujua mambo matatu kwa kila kimo, kuanzia ardhini hadi kilomita kumi na zaidi: joto, unyevu, na jinsi upepo unavyobadilika kadiri unavyopanda. Hakuna hata moja linaloonekana ukiwa umesimama barabarani. Wanawake wanaoanika mpunga kwenye maturubai nyuma ya mashine za kukobolea wana ujuzi wao, na nimeona turubai likikunjwa dakika kumi kabla ya tone la kwanza, kwa sababu tu upepo umegeuka. Lakini dakika kumi zinaokoa mpunga. Hazihamishi kijiji usiku.

Kuna watu duniani waliokataa kungoja wingu liwafikie. Wamarekani walianza kwa ubishi. Tarehe 27 Julai 1943 kimbunga kilikuwa kinakaribia Galveston, Texas, na Kanali Joseph Duckworth alikuwa anafundisha marubani kuruka kwa kutegemea vyombo, bila kuona nje. Baadhi ya wanafunzi wake walikuwa Waingereza, wazoefu wa vita, ambao walizidharau ndege zake ndogo za mafunzo za AT-6. Akawekeana nao dau kwamba angeiingiza mojawapo ndani ya kimbunga na kuitoa nzima. Akaondoka na mwongoza njia Ralph O'Hair, injini moja, bila ruhusa ya mkubwa yeyote. Walirudi. Afisa wa hali ya hewa wa kituo akanung'unika kwamba yeye ndiye mwenye fani na hakuchukuliwa, basi Duckworth akageuza ndege akaingia tena, safari hii akiwa naye.

Mchezo ule ukawa kazi ya mshahara. Leo Jeshi la Anga la Marekani lina kikosi kizima huko Biloxi, Mississippi, chenye ndege za Hercules kwa ajili hiyo, na taasisi ya kiraia, NOAA, ina Orion mbili zilizopewa majina ya vikaragosi vya televisheni, Kermit na Miss Piggy. Hupita katikati ya kimbunga, hutoka upande wa pili, hugeuka, huingia tena. Ndani humo hudondosha dropsondi: bomba jepesi lenye urefu wa sentimita 40 hivi, uzito usiofika nusu kilo, na mwavuli mdogo kichwani. Likiwa linashuka hutuma mgandamizo wa hewa, joto, unyevu na upepo, kila sehemu ya sekunde, mpaka linapogonga bahari. Halirudi wala halitafutwi. Takwimu zake huingia kwenye kompyuta za utabiri ndani ya dakika chache, na ofisa wa Miami akasogeza mstari kwenye ramani, na mji mmoja ukaambiwa uhame na mwingine ukaambiwa ubaki.

Wameilipia elimu hiyo. Mwaka 1955 ndege ya jeshi la majini ilipotelea ndani ya kimbunga Janet ikiwa na watu 11, na haikupatikana. Mwaka 1989 Orion moja iliingia kimbunga Hugo kikiwa kikali kuliko walivyodhani, ikapoteza injini, ikaponea chupuchupu ndani ya jicho la kimbunga.

Msomaji wa Kahama atasema: basi tuletewe moja. Haitatufaa, na sababu yake inafaa kukaliwa kitako. Kimbunga cha bahari, pamoja na ukali wake wote, huizungusha hewa zaidi kwa mlalo. Mikondo ya kupanda ndani yake kwa kawaida ni ya wastani, na mawe makubwa ya barafu ni nadra. Tena kinaishi siku nyingi, hata wiki mbili, kinapewa jina, na kinasogea kilomita 15 au 20 kwa saa ilhali dunia nzima inakitazama. Wingu la Mwakata huishi saa moja au mbili. Halina jina. Nguvu zake zimesimama wima: hewa inapanda na kushuka kwa kasi ya kuvunja bawa, na barafu imo katikati. Rubani yuleyule anayeingia ukuta wa jicho la kimbunga kwa moyo mkunjufu angelikwepa wingu letu la Machi kwa makumi ya kilomita, na hakuna ambaye angemwita mwoga.

Lakini wapo walioingia hata humo. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi miaka ya 2000, huko Marekani kulikuwa na ndege moja ya zamani ya mafunzo ya kijeshi, T-28, iliyovikwa deraya. Kingo za mbele za mabawa zilifunikwa kwa bati nene, kioo cha rubani kikaimarishwa, na mtu mmoja akakaa ndani akaingia makusudi kwenye mawingu ya mvua ya mawe kupima mkondo, maji na barafu. Yeyote aliyetaka kujua jiwe hukulia wapi ndani ya wingu na kwa muda gani alikuwa na deni kwa ndege ile.

Na iliendeshwa na nani? Na chuo cha madini. South Dakota School of Mines kilianzishwa mwaka 1885 katika mji wa Rapid City, ukingoni mwa milima ya Black Hills, nchi iliyovamiwa kwa sababu ya dhahabu miaka michache kabla. Kilifungua milango kufundisha vijana kuchimba. Baadaye kikagundua kwamba wakulima wa tambarare zinazowazunguka wachimbaji wanapoteza ngano kwa mvua ya mawe, kikanunua akili ya kutazama juu. Habari hii nimekuwa nikiitafuna kwa muda mrefu kuliko ile ya Duckworth na dau lake. Ukanda wa dhahabu, mvua ya mawe, wakulima wa nafaka: maelezo yanatuhusu neno kwa neno. Sisi tunacho chuo cha madini Dodoma na matawi ya vyuo vikuu yanayofundisha uchimbaji, na ninavisifu. Bado sijasikia kimoja kikisema kwamba wingu la Msalala ni sehemu ya jiolojia ya Msalala.

Ndege ya utafiti wa hewa imewahi kukaribia nyumbani, hata hivyo, nayo ilikuja kwa sababu ya ziwa. Sisi wa Kagongwa tuko mbali na ukingo wa Ziwa Victoria, lakini ziwa hutujia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni bomba. Maji yanavutwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, katika mradi uliozinduliwa Mei 2009 kwa ajili ya Kahama na Shinyanga, na tangu mwaka 2021 tawi la Isaka na Kagongwa linamimina mtaani kwetu. Njia ya pili ni ya zamani kuliko bomba. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa juu yake ikapanda, na hewa ya ziwani iliyojaa unyevu ikasogea bara kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, maji hubaki na uvuguvugu, na upepo wa bara kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa, ukiinua hewa palepale walipo wavuvi wa dagaa na taa zao.

Ndiyo sababu ziwa lina radi za usiku na nchi ina radi za alasiri na jioni. Na hizo mbili hazikuachana. Wanasayansi wakiongozwa na Mbelgiji Wim Thiery walionyesha mwaka 2016, kwa kutumia picha za setilaiti, kwamba mvua kubwa ya alasiri juu ya nchi kavu ni dalili ya dhoruba ya usiku ziwani. Kwa maneno mengine, wingu la mpunga likiwa kubwa, mvuvi wa Ukerewe aangalie usiku wake. Mkulima na mvuvi wamefungwa kwenye mzunguko mmoja wa hewa, ingawa hawajawahi kukaa kikao kimoja.

Januari 2019 ndege ya Uingereza ilikuwa Entebbe. Ni BAe 146 yenye injini nne, ileile iliyoruka mwaka 1981 ikiwa ya kwanza kabisa ya aina yake, kisha viti vya abiria vikang'olewa na mahali pake pakajazwa vipimo. Kazi iliyoileta ilikuwa methani inayopanda kutoka kwenye vinamasi vya mafunjo na matete. Ikiwa hapo, watafiti wakaomba nafasi iruke pia juu ya Ziwa Victoria, kwa jaribio lililoitwa HyVic: safari ya alasiri kuukuta upepo wa ziwani ukiingia bara, na safari ya alfajiri kuukuta upepo wa bara ukiingia ziwani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa upepo huo, ambao kila mvuvi anaujua kwa shavu lake, kupimwa na ndege kutoka ndani. Wakaona jinsi kichwa cha upepo kinavyosukuma hewa juu, na wakapata kitu cha kuzipimia kompyuta zao: je, mfumo wa utabiri unauweka upepo mahali pake na kwa saa yake?

Safari zenyewe zilikuwa chache, zilizobanwa ndani ya kazi nyingine. Wakati huohuo ulikuwapo mradi mkubwa zaidi, HIGHWAY, uliosimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, ukiziunganisha Tanzania, Uganda, Kenya na Rwanda katika kutoa utabiri wa ziwani kwa lugha ambayo mvuvi anaielewa. Huo uligusa maisha. Lakini ndege ilishaondoka.

Huwa najiuliza ni nani anayelipa mafuta ya ndege zinazopima hewa, kwa sababu jibu hueleza karibu kila kitu. Vimbunga vingi vikali vya Atlantiki, vile vinavyoipiga Florida, huanza kama mawimbi ya hewa yanayozaliwa Afrika, kuanzia nyanda za juu za Ethiopia na Darfur, yakasafiri magharibi kupita Sahel mpaka baharini. Agosti na Septemba 2006, NASA ilipeleka ndege yake ya DC-8 Cape Verde kuyangoja mawimbi hayo yakitoka bara. Kazi nzuri sana. Ila tazama ndege ilipokaa: mlangoni pa kutokea, ambapo hali ya hewa ya Afrika inaacha kuwa shida ya Mwafrika na kuanza kuwa shida ya Mmarekani. Kwa haki nitaje kwamba mwaka uleule Wazungu na Waafrika walikuwa na ndege Niamey wakichunguza mvua za Sahel kwa ajili ya Sahel yenyewe. Mambo hayako upande mmoja.

Kenya nayo ina ushahidi. Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na jani la chai likitobolewa halina bei. Miaka ya 1960 wenye mashamba ya chai walirusha roketi mawinguni, kisha wakakodi ndege zikamwage iodidi ya fedha ili barafu igawanyike iwe punje ndogo ndogo. Kama ilisaidia, wataalamu hawajaafikiana mpaka leo. Ninachokiona mimi ni kwamba ndege zilipatikana. Chai ilikuwa na mwenyewe mwenye kitabu cha hundi. Pamba na mpunga wa Mwakata vilikuwa na wenyewe wengi, kila mmoja na ekari zake mbili, na watu wengi wa namna hiyo hawakodi ndege.

Hata pwani yetu haina ndege. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli za Sultani Barghash bandarini. Pemba ikasalimika, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 kingine kikapiga Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikatua Mafia. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hakuna kikosi kinachoingia kwenye vimbunga kwa kawaida. Kituo cha Wafaransa kilichopo Réunion hukisia nguvu za kimbunga kwa kusoma umbo la mawingu kwenye picha za setilaiti, kwa mbinu ambayo Mmarekani Vernon Dvorak aliibuni miaka ya 1970. Hukisia vizuri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikitangaza kimbunga Hidaya mapema, ikarudia, na wavuvi wengi wakavuta mashua zao. Pale penye siku tatu za kungoja, setilaiti na redio zinatosha kuokoa watu.

Kwetu hakuna siku tatu. Kuna rada Mwanza, na ni kitu kikubwa, maana rada inaliona wingu likiwa bado linanenepa. Lakini Mwanza ni kilomita 150 hivi kutoka hapa, na dunia ni mviringo: mwale wa rada ukielekezwa karibu na upeo, ukifika Kagongwa huwa umeshapanda kilomita mbili na nusu juu ya vichwa vyetu. Tumbo la wingu inaliona. Miguu yake, pale ambapo upepo wa ziwani unakutana na hewa ya mbuga na kuwasha kila kitu, haioni. Na puto za kupima hewa ya juu, zinazorushwa kwa ratiba kutoka vituo vichache vya Afrika Mashariki, zipo mbali, na kila moja ina gharama yake.

Zamani mtemi ndiye aliyewajibika kwa mvua. Katika Usukuma na Unyamwezi, mtemi ambaye mvua ilimshinda aliweza kuvuliwa utemi. Mfumo mkali, na sitaki urudi. Ulikuwa na jambo moja tulilolipoteza: hewa ilikuwa na ofisi, na ofisi ilikuwa na mtu wa kuulizwa. Siku hizi simu inalia, inasomeka "angalizo" au "tahadhari" kwa mikoa ya Shinyanga, Geita, Mwanza, Simiyu na Tabora kwa mpigo mmoja. Mtabiri hana kosa. Anatangaza kwa upana kwa sababu vipimo vyake vimetawanyika kwa upana. Mkulima wa Kagongwa anausoma ujumbe, anaangalia juu, anaona jua, anaufuta. Baada ya mara kadhaa haufungui tena.

Kwa hiyo ninalo ombi, na ni dogo kuliko Orion.

Ndege za kutafuta madini haziruki na kipima usumaku peke yake. Hubeba pia kipima mgandamizo wa hewa na kipima joto, maana bila hivyo huwezi kusahihisha vipimo vingine sawasawa. Namba hizo hurekodiwa kila sekunde moja au mbili, saa kwa saa, wiki kwa wiki, juu ya mbuga na vilima vyetu, zikiwa na mahali na wakati. Mwanajiolojia akishazitumia kusahihisha ramani yake hana kazi nazo. Ongeza kipima unyevu, kitu kidogo cha kufungwa kwenye bawa, na ndege ya dhahabu imekuwa ndege ya hali ya hewa bila kubadili njia yake hata mita moja. Najua mipaka yake: huruka chini, na siku ya wingu kubwa hairuki. Lakini hewa ya chini, mita mia za mwanzo, ndiyo hasa ile ambayo rada ya Mwanza haiifikii na setilaiti inaiona kwa shida, na kila ikipaa asubuhi na kutua mchana inakata tabaka zaidi.

Pili ni ndege za abiria. Duniani kote maelfu ya ndege za kawaida hutuma joto na upepo zinapopanda na kushuka, katika mpango unaoitwa AMDAR, na watabiri wa Ulaya na Marekani huzitegemea kila siku. Ndege inayotua Mwanza au Chato inapita kwenye hewa yote kutoka juu kabisa hadi lami. Hiyo ni sawa na puto ambalo abiria wameshalilipia nauli.

Nchi yetu haipimwi kwa ndege kwa siri. Mikataba husainiwa, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyopo Dodoma hupokea takwimu, Wizara hutangaza asilimia. Katika mikataba ya sasa kuelekea 2030 unaweza kuingia mstari mmoja: takwimu za mgandamizo, joto na unyevu zikabidhiwe Mamlaka ya Hali ya Hewa siku ileile ndege inapotua. Wabunge wa Msalala na Kahama, ambao wapiga kura wao wamechimbiwa dhahabu na kupondewa mahindi, wana sababu ya kuuliza bungeni kama mstari huo umo. Vyuo vya madini vinaweza kumpa mwanafunzi mmoja kazi ya kuzipanga namba hizo zikawa na maana. Nawe msomaji, kama una ndugu anayefanya kazi kwenye kampuni ya kurusha ndege hizo, mwulize faili la joto la hewa huenda wapi baada ya mradi kuisha.

Msimu wa mvua wa Shinyanga huanza Novemba na kwisha Aprili. Ndege za utafiti wa madini hupenda kuruka kiangazi. Zikianza kiangazi hiki kukabidhi vipimo vyake, watabiri watakuwa na hewa ya Kahama mezani miezi kadhaa kabla ya wingu la kwanza.